Kula na Kufanya Kazi Migahawani: Mwongozo wa Tanga

Migahawa ya Tanga hufuata saa. Chungu cha supu kinachotoka mvuke saa 1 asubuhi huwa kimeshaoshwa na kufunikwa saa 5. Mchana, mahali pale pale hupakuliwa wali, na giza likiingia meza hubaki tupu kwa sababu walaji wamehamia kwenye majiko ya chipsi na mishkaki kando ya barabara. Jiji lenye watu karibu 400,000, kwa sensa ya mwaka 2022, halina walaji wa kuijaza kila nyumba ya chakula kutwa nzima kama Kariakoo ya Dar es Salaam, na mwenye mgahawa hapiki asichotarajia kukimaliza. Ndiyo maana anayetaka kula vizuri Tanga hutazama kwanza saa, kisha chakula, na jina la mgahawa huja mwisho. Anayetafuta kazi ya mgahawa naye huanzia hapo hapo, kwani saa huamua ataamka lini, atalipwaje na atarudi nyumbani kwa usafiri gani.

Maneno kwanza. Watu wa mjini wakisema "hoteli", si lazima pawe na vitanda. Hotelini ni popote penye meza, benchi na chakula kilichopikwa. "Mgahawa" ni neno linaloandikwa zaidi kwenye vibao kuliko linavyotamkwa. Mama ntilie, jina lililotokana na mteja kumwambia mpishi "mama, nitilie", mara nyingi hana kuta. Ana turubai, mafiga au jiko la mkaa, sufuria tatu nne na wateja anaowajua kwa majina. Zaidi ya hao wapo wenye kumbi za kando ya bahari upande wa Raskazone, ambako mlaji hulipia pia upepo na mandhari, na asione ajabu samaki akichukua saa nzima kufika mezani.

Asubuhi ni ya supu na chai. Supu ya ng'ombe, ya utumbo, ya makongoro au ya kuku huliwa kwa chapati, ndizi au muhogo wa kuchemsha. Bakuli huja na kisahani chenye kipande cha ndimu, pilipili na chumvi. Mzoefu hukamua ndimu kwanza, akaonja, ndipo akagusa chumvi, kwa sababu ukali wa ndimu huikoleza chumvi iliyokwishatiwa jikoni, na asiyesubiri huharibu bakuli zima. Mchuzi ukiisha si aibu kuomba uongezwe, na kwa kawaida huongezwa bila malipo. Nyama haiongezwi. Chapati ya kuliwa na supu iwe imetoka kwenye kikaango muda huo. Iliyolala ndani ya hotipoti tangu alfajiri hulainika hadi ikakatika kabla ya kufika mdomoni.

Chai ina mlango wake. Ngamiani, mtaa mkongwe ulio upande wa pili wa reli ukitokea bandarini, wenye barabara zinazotajwa kwa namba, wapo akina mama wanaouza vitumbua, maandazi, bajia za kunde na mihogo barazani kwao. Chai huagizwa kwa kutaja aina: ya rangi au ya maziwa. Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na chai ya maziwa mahali pengi ni ya kweli, si maji yaliyopakwa weupe. Vitumbua vizuri ni vya kabla ya saa 2. Baada ya hapo ni vitumbua tu.

Chakula cha mchana huanza saa 6 na kufikia kilele saa 7. Wali wa nazi na maharage, ugali na dagaa, ndizi, mchicha, nyama ya mchuzi: mpango huu hubadilika kidogo sana siku hadi siku, isipokuwa Ijumaa. Siku hiyo pilau na biriani hutawala, na msikiti ukitoka migahawa ya karibu hujaa kwa mara moja. Mwenye haraka aidha hula kabla ya sala au husubiri wimbi la kwanza lipite, akikubali hatari ya kuambiwa nyama imekwisha umebaki wali.

Orodha iliyobandikwa ukutani isichukuliwe kuwa ahadi. Inaweza kutaja vyakula 20 na vikapatikana 6. Mwenyeji haisomi. Huuliza "leo kuna nini?" na mhudumu hutaja vilivyomo kwenye sufuria kwa pumzi moja. Jibu lenyewe ni kipimo. Akiulizwa kuhusu samaki, mhudumu aliyechungulia jikoni hutaja changu, tasi, kibua au nguru. Anayejibu "samaki wapo" hajui kilichomo, au anajua na hapendi kusema.

Kwenye samaki inafaa kukawia kidogo, maana ndicho chakula kinachowaleta watu Tanga na ndicho kinachowaudhi mara nyingi zaidi. Samaki wengi wa migahawa hutoka soko la Deep Sea, na soko hilo hutegemea upepo na mwezi. Miezi ya kusi, kati ya Aprili na Septemba hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikitulia, hali huwa nyepesi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu dagaa wabichi huadimika na walaji hurudi kwa wakavu. Mgahawa wenye samaki wa aina ile ile, kwa ukubwa ule ule, siku zote 30 za mwezi, una jokofu kubwa kuliko bahati. Hilo si kosa, lakini samaki wa jokofu asiuzwe kwa bei ya aliyeshuka asubuhi. Aidha, samaki aliyekaangwa mapema na kuingizwa kwenye mchuzi wa nazi mchana si mbovu. Ndiyo njia ya pwani ya kumtunza. Mbovu hujulikana kwa nyama inayosambaratika kama unga badala ya kuachia mfupa vipande vipande, na huyo hurudishwa bila kuomba radhi.

Kuanzia saa 12 jioni barabara huchukua kazi. Chipsi kavu ni chipsi bila kitu kingine, chipsi mayai huitwa pia zege, na muhogo wa kukaanga ni chipsi dume. Mishkaki huuzwa kwa kijiti na kuliwa kwa pilipili au ukwaju. Mlaji asimame karibu na jiko kabla ya kuagiza, atazame mafuta. Mafuta ya chipsi yaliyogeuka meusi na kutoa povu yametumika kupita kiasi, na hakuna kachumbari inayoficha ladha yake. Nyama choma ina utaratibu tofauti: mteja huchagua kipande kikiwa kibichi, kikapimwa mbele yake kwa robo, nusu au kilo, na bei ni ya uzito huo, si wa kilichoiva. Asiyelijua hili hudhani ameibiwa sahani inapofika ikiwa nusu ya alichokiona. Nyama hupungua motoni. Wajibu wa mteja ni kuuona mzani, na pia kukikumbuka kipande alichokichagua.

Migahawa mingi ya mjini haiuzi pombe wala nguruwe, na si adabu kuviulizia. Pombe ina baa zake, kitimoto ina majiko yake. Katika baa nyingi kaunta ya vinywaji ni ya mtu mmoja na jiko la nyama limekodishwa kwa mwingine. Bili huwa mbili, na malipo ya soda aliyopewa mhudumu hayafuti deni la mchoma nyama. Usiku humalizikia kwa wauza kahawa, dele likiwa juu ya makaa, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata pembeni. Hapo mtu hulipa kidogo akakaa sana.

Adabu za mezani ni chache ila zinaonekana. Salamu hutangulia oda, na mama ntilie mwenye umri hupewa shikamoo hata kama foleni ni ndefu. Mhudumu huitwa dada, kaka au anti. Mluzi na kupiga meza humfanya mteja ahudumiwe wa mwisho, na ni haki yake. Husemwa "naomba", si "nataka". Anayeingia akiwakuta watu wanakula ataambiwa "karibu", naye hujibu "asante" au "starehe" na kupita. Si mwaliko wa kuvuta kiti. Mikono hunawishwa kabla na baada, kwa birika na beseni au kwenye ndoo yenye koki. Mhudumu akiuliza "baridi au ya moto?" kuhusu soda au maji, ya moto ni ile isiyotoka kwenye friji, wala hakuna atakayeichemsha.

Bei hutajwa kwa lugha ya mjini: jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, buku jero ni 1,500. Anayelipa kwa simu huomba Lipa Namba na kusoma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri, kisha husubiri mwenye mgahawa apate ujumbe. Mwenye mashine ya EFD, yaani ya risiti za kodi, anapaswa kutoa risiti bila kuombwa, na mteja anapaswa kuidai. Kwa chakula cha kufungiwa ni vizuri kwenda na chombo, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mchuzi wa nazi hauna urafiki na mfuko wa kitambaa chepesi. Bakshishi si desturi ya lazima. Chenji ndogo ikiachwa hupokewa kwa shukrani.

Usafi haupimwi kwa vigae. Dalili kubwa ni mwendo wa sufuria: mahali chakula kinapokwisha kabla ya saa 9 alasiri, kilichopo leo kilipikwa leo. Ya pili ni maji ya kuoshea vyombo. Sahani zinazopita ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, ziko salama zaidi kuliko glasi zinazong'aa zilizochovywa zote kwenye beseni moja tangu asubuhi. Dalili ya tatu ni mikono inayopokea fedha. Ikiwa ndiyo hiyo hiyo inayoshika chapati, mteja ana sababu ya kuagiza chakula kinachopakuliwa kwa mwiko. Migahawa ya stendi ya Kange idaiwe uangalifu zaidi, si kwa ubaya wa wapishi wake, ila kwa sababu abiria wa basi si mteja wa kurudi. Hoteli ya mtaani ikimharibia tumbo fundi wa gereji jirani, habari hufika barabara zote za Ngamiani kabla ya magharibi.

Upande wa kazi nao huanzia kwenye saa. Nafasi nyingi za migahawa hazitangazwi. Hupatikana kwa kujulishwa na mtu au kwa kwenda kuulizia, na wakati wa kuulizia ni saa 9 hadi 10 alasiri, sahani za mchana zikiwa zimeoshwa na mwenye mgahawa akihesabu fedha kwa utulivu. Anayeingia saa 7 mchana na bahasha mkononi hufukuzwa kwa macho tu. Mwombaji makini huvaa nguo safi, hukata kucha, na hutaja kazi anayoiweza kweli. Katika mji wa kiasi hiki wenye migahawa hujuana, hununua nazi soko moja la Mgandini, na huulizana. Aliyeondoka kwa tajiri wa kwanza bila kuaga atasikia habari zake kwa tajiri wa tatu.

Wengi huanza kwa kuosha vyombo. Ni kazi ya kuinama, ya maji na majivu, lakini ndiyo inayomweka mtu karibu na jiko, na mpishi akikosa msaidizi humgeukia aliye karibu. Kukuna nazi, kuchambua mchele, kukata kilo kumi za vitunguu bila kusimama: hayo hujifunzwa pale pale. Mpishi wa wali wa nazi anayejua lini amimine tui la kwanza na lini apalie makaa juu ya mfuniko ana thamani kuliko mwenye cheti asiyelijua jiko la mkaa. Hata hivyo cheti kina kazi yake. Hoteli zenye vyumba na kumbi huwaulizia waliosoma VETA au Chuo cha Taifa cha Utalii, na huko ndiko kwenye mishahara ya mwezi inayolipwa kwa wakati.

Mhudumu hubeba mzigo usioonekana. Hukumbuka oda sita bila kuandika, hutuliza anayelalamika, na katika baa hubeba pia deni la anayekimbia. Upungufu wa fedha mwisho wa zamu huitwa shoti, na desturi ya kumkata mhudumu shoti yote papo hapo imeenea sana. Kwa hiyo mhudumu mwangalifu hudai fedha kwa kila raundi anapohudumia kundi asilolijua, huandika alichochukua kaunta kwenye daftari lake mwenyewe, na hasadiki ujumbe wa muamala anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja hadi simu ya mgahawa nayo ilie.

Kabla ya kukubali kazi, maswali matatu yapate jibu: nani hasa ni tajiri, malipo ni ya siku au ya mwezi, na zamu huisha saa ngapi. Swali la kwanza si la kijinga pale baa na jiko vina wenyewe wawili. Mchoma nyama aliyeajiriwa na aliyekodi jiko hawezi kumdai mwenye baa. Swali la tatu linagusa mfuko moja kwa moja. Zamu inayoisha saa 6 usiku ina nauli ya bodaboda ndani yake, na isipozungumzwa mwanzoni hutoka kwenye ujira wa mfanyakazi. Kwa mhudumu wa kike hilo ni suala la usalama kwanza, fedha baadaye.

Kila anayeshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, na upimaji hurudiwa kila baada ya miezi 6. Bwana afya wa halmashauri akifika, huanza kuuliza vyeti kabla ya kutazama sufuria. Matajiri wengine huwalipia wafanyakazi wao, wengine hawafanyi hivyo. Hili nalo liulizwe siku ya kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitofautishi hoteli ya nyota na hoteli ya benchi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, siku 6, saa 9 kwa siku. Zikizidi ni saa za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kuhusu shoti, sheria hairuhusu makato ya hasara mpaka ionekane ni kosa la mfanyakazi, aandikiwe kiasi na sababu, na apewe nafasi ya kujitetea, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Mshahara wa chini hupangwa kwa amri ya waziri kisekta, na kiwango kinachotumika huulizwa kwa afisa kazi wa mkoa.

Ukweli wa mtaani uko mbali na maandishi haya. Kwa mama ntilie, mkataba ni neno la mdomo na likizo ni siku ya msiba. Hata huko, mfanyakazi anayeandika siku alizofanya kazi na fedha alizopokea, kwa tarehe, ana ushahidi ambao wengi hawana. Mgahawa unaomkata mtu kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapaswa kuonekana umelipa, na salio huangaliwa ofisi ya mfuko huo. Hilo lisisubiri mwaka wa tano. Chama cha CHODAWU huandikisha wafanyakazi wa mahoteli na migahawa. Manyanyaso ya kijinsia, yawe ya mteja au ya meneja, si "mambo ya kazi": sheria huyahesabu kuwa ubaguzi.

Ramadhani hubadili kalenda yote. Hoteli nyingi hufunga mchana au huweka pazia mlangoni, na asiyefunga hula ndani, si barazani. Jikoni kazi huhamia alasiri: tambi, mihogo, kalimati na uji lazima viwe tayari kabla ya adhana ya magharibi. Wanaolipwa kwa siku ndio huumia, kwani mgahawa wa supu ukifunga mwezi mzima ujira wao nao hufungwa. Wengine hujiunga na wauza futari, wengine hurudi Muheza au Pangani mpaka Idi. Wanaosafiri mwezi huo bila kumwachia tajiri namba ya simu mara nyingi hukuta nafasi imeshikwa.

Aliyeachishwa kazi akidhani kaachishwa kwa uonevu hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizo huhesabiwa bila kusimama, hata kama tajiri ameahidi kwamba mambo yatazungumzwa mwisho wa mwezi.